Schnellboot ya mbao: tumbo iwe flati ao mviringo?

MwanaHimbi (Goma)
Bandugu jambo. Niko naunda maketi (mfano mdogo) ya Schnellboot, zile boti za torpedo za Wajerumani za vita ya pili, aina ya S-100. Naifanya kwa mbao ya libuyu kwa sababu plastiki ya kununua hapa Goma haipatikane. Nimechukua skeli ya 1/50, urefu inatoka sentimita 70 na upana kama 10 tu, na nataka itembee ziwani, si ya kuweka kwenye kabati. Sasa fundi mmoja wa chukudu (zile kinga za mbao za kubebea mizigo) pale Birere ananiambia tumbo nifanye flati, eti kitu ya kukimbia lazima ipande juu ya maji. Lakini kwenye mapicha ya zamani naona tumbo iko mviringo. Nani iko na haki? Nimeshakata mbavu saba, naogopa kuharibu mbao bure.

FundiNguba (Bukavu)
Usikate flati ndugu yangu, hata kidogo!! Boti nyingi za Waingereza njo zilikuwa za kupanda juu ya maji, ziwa ikitulia zinateleza vizuri ila wimbi ikija zinagongagonga mpaka watu wanaumia mgongo. Kule Bremen, kiwanda ya boti ya Lürssen walianzia kwa yoti ya tajiri mmoja, Oheka II ya 1927, ndefu, nyembamba, tumbo mviringo, yenye kupasua wimbi badala ya kuipiga, na Bahari ya Kaskazini haicheke na mtu, njo maana jeshi la Wajerumani lilifuata ile. S-100 ilikuwa na mita 35 hivi, moteri tatu za Daimler-Benz, na ilipita noti 40, njo kama kilometa 75 kwa saa.

Na usisahau usukani, ule ubao wa nyuma chini ya maji wa kugeuza boti, pale njo utamu yote iko. Umeshapanda kano rapidi ya kuja Bukavu, dereva akifungua gazi matako inazama, pua inapanda, nyuma inabakia wimbi kama kilima, si ndiyo? Wajerumani waliweka usukani moja katikati na mbili ndogo pembeni, hizo mbili zinageuzwa kuelekea nje kama digri 30, maji nyuma ya elisi (panga za kusukuma boti) inapita vingine, matako inabaki juu, wimbi inapunguka, mwendo inaongezeka. Wanaiita efekti ya Lürssen.

DadaKyeshero
Mi naongeza juu ya moteri. Zilikuwa za mazuti (dizeli), si esanse (petroli). Nyumbani tulikuwa tunauzisha esanse kwa bido, siku moja cheche moja tu ya jiko, paa ya jirani ikaenda yote, tangu pale naelewa mabaharia wale. Ukipigwa risasi kwenye tanki ya esanse umekwisha, mazuti haishike moto haraka vile.

Kasapa_Maketi (Lubumbashi)
MwanaHimbi, angalia uzito, wengi njo wanakosea pale. Boti ya kweli ilikuwa tani 100 na kitu, kwa 1/50 unagawanya na 50 mara tatu, inatoka gramu 800 ao 900, kwa hiyo na batri ndani isipite kilo moja, na batri ilale chini kabisa maana kitu ya sentimita 10 inapinduka haraka. Mwendo nayo usigawanye na 50, gawanya na mzizi wake (namba ukiizidisha yenyewe inatoa 50), saba hivi, kwa hiyo kilometa 11 kwa saa inatosha, mtu wa kukimbia anaifuata kwa ufuko. Ukiweka moteri kali zaidi itaruka kama chura na haitafanana tena.

Mi niliunda ile ya plastiki ya kampuni Revell ya 1/72, na nilipomaliza nilitafuta habari ya usiku wa tarehe 28/4/1944, boti tisa za namna hii zilitoka Cherbourg zikakuta meli za Wamarekani zikifanya mazoezi Lyme Bay, meli mbili za Wamarekani zikazama, zaidi ya watu 700 wakafa. S-130 ilikuwa kati ya hizo tisa na mpaka leo ipo Uingereza. Tangu pale kila nikipaka rangi nakumbuka wale vijana.

MwanaHimbi
Asanteni sana wote. Mbavu saba nitazichonga upya mviringo, mbao bado inatosha. Zile usukani ndogo nazikata kwa kopo ya sardini. Nitaipima kwanza ndani ya beseni ya kufulia, kisha Jumapili asubuhi mapema, kabla upepo wa Kivu haujaamka.

FundiNguba
Usukani za pembeni ziweke na skrubu, si kole, ili uweze kuzigeuza digri kidogo kidogo mpaka uone wimbi ya nyuma inalala.