Hii programu ya majedwali leo imenivunjia heshima mchana kweupe

Wakuu, mnaijua ninayoisema. Ile ile. Jina silitaji, isije ikagandisha na uzi huu.

Lahajedwali la mishahara tangu asubuhi. Fomula zimetii, jumla zinakubaliana, nakaribia kupumua. Skrini ikawa nyeupe pee. "Haijibu." Nikaibembeleza kama mtoto wa homa. Ikajifunga bila kuaga.

Sasa dharau yenyewe. Nafungua tena, kidirisha pembeni kinasema TUMEKUOKOLEA FAILI LAKO. Roho ikarudi. Nachungulia: JINA, CHEO, MSHAHARA. Basi! Mistari yote chini mitupu, kampuni nzima haina hata mlinzi. Tumekuokolea! Umeokoa nini, we mshenzi? Si ungenyamaza tu nijue nimefiwa?

Na kiswichi cha otosevu, yaani kujisevu yenyewe, kipo pale juu kinanitazama, kimezimwa. Ukikigusa, eti peleka kwanza faili kwenye wingu, hifadhi ya mtandaoni. TUMEKUOKOLEA!!

Kolamu_C: Pole mkuu. Ctrl+S iko palepale tangu tuzaliwe.

Mleta uzi: Nani kaomba darasa? Vichwa vitupu, halafu "tumekuokolea"!

FundiKimya: Kawaida ile nakala ya dharura hujiandika kila dakika 10. Ingia mipangilio, sehemu ya kuhifadhi, weka 1. Ila hiyo ni ya ajali tu, siyo bakapu. Bakapu ni faili la pili, mahali pengine kabisa.

Kolamu_C: Kila dakika 10 halafu ikuletee ya asubuhi? Hapo kuna mtu aliizima 😂

Mama_Jumla: Bora wewe haikusevu. Mimi ilisevu! Faili liko kwenye wingu, kijana kaingia "kuangalia tu", kafuta shiti nzima, otosevu ikabariki hapohapo.

FundiKimya: Historia ya matoleo ipo dada, rudisha la jana.

Mama_Jumla: Kijana nani atamrudisha alikotoka?

Nukta_Mkato: Nyie hamjasevu kwa csv, ile faili ya maandishi matupu. Shiti moja ikabaki, fomula zote zikawa namba kavu.

FundiKimya: Uingereza 2020 visa 15,841 vya korona vilichelewa kuripotiwa. Faili la xls la kizamani linaishia mstari wa 65,536, vilivyozidi vikaachwa nje.

Mleta uzi: Wao angalau hawakuambiwa wameokolewa.

Kolamu_C: Tuachane na hayo. Kwa nini jedwali la ukurasa mmoja printa inalitoa kurasa 40, kila moja na kamstari kamoja?

Mama_Jumla: Hapo umenigusa penyewe. Yangu inatoa na kurasa tupu juu yake.

Nukta_Mkato: Printa ifunguliwe uzi wake jamani, nina mengi.