Naomba ushauri: kubadilisha taimingi cheni na ajasta za kemshafti nyumbani, Benzi C200 Kompressor

Kijana wa Kimara
Wakuu habari za jioni. Nina Benzi C200 Kompressor ya 2008, injini M271, imetembea kilomita 178,000. Kila asubuhi ikiwashwa inalia krrrr sekunde mbili tatu pale mbele halafu inanyamaza, silensa (mlio wa injini gari likiwa limesimama) haitulii, taa ya injini inawaka na mashine imesoma P0016, yaani krenki na kemshafti haziendi sawa. Fundi kasema cheni ya taimingi, ile inayounganisha krenki ya chini na kemshafti za juu zinazofungua vali, imerefuka na ajasta, zile gia za mbele ya kemshafti, zimeliwa meno, ufundi tu anataka laki saba bila spea. Mimi spana siziogopi, wotapampu ya Ist nilishawahi kubadili mwenyewe. Swali langu, used za Gerezani, pale Dar wanapouza spea, zinatosha au lazima mpya? Na je naweza kubadili ajasta ya intake tu, upande wa hewa kuingia, ile ya ekzosi nikaiacha? Nina haraka kidogo jamani.

Mama Tunu
Mdogo wangu mpe fundi hiyo laki saba. Mume wangu naye alikuwa hivyohivyo, mwaka 2016 akajifungia mkanda wa taimingi mwenyewe kwenye Noah, tunatoka Moshi kufika Mombo gari kimya. Tulilala pale na watoto wawili, mmoja ana homa, nikawa namkanda kwa khanga na maji ya chupa, tumekula mahindi ya kuchoma hadi asubuhi. Mpaka leo nikipita Mombo moyo unapiga.

Spana 27
Used sahau kabisa. Ajasta ya mtumba maana yake unanunua meno yaliyolika kwenye gari la mwenzako, ukiivalisha cheni mpya nayo inaichakaza. Badili zote mbili, cheni na tenshena mpya, maana hiyo tenshena, kile kikaza cheni, ina meno ya kwenda mbele tu, ukishaitoa ukairudisha kama ilivyo inakaza cheni kupita kiasi.

Kazi yenyewe haihitaji kushusha injini wala kufungua kava la mbele. Unaweka pistoni ya silinda ya kwanza juu, alama za kemshafti zikae sawa, unaziba shimo la cheni kwa tambara kitu kisidondokee chini, unakata cheni ya zamani hapo juu, mpya unaiunganisha mkiani mwake. Unatoa plagi zote ili injini iwe nyepesi, mmoja anazungusha krenki POLEPOLE kwa soketi ya 27 kufuata mwendo wa saa, mwingine anapokea ya zamani na kuhakikisha mpya haiachii meno hata sekunde moja. Pini ya kuungia inabanwa kwa kifaa chake, nyundo hapana. Halafu zungusha mizunguko miwili kwa mkono uangalie alama zimerudi sawa.

Sasa nijibu, gari liko katika hali gani muda huu? Umeshalifungua?

Mwana wa Likoni
Mimi niko Mombasa, yangu ilikuwa na shida ii hii. Bro oili ulibadilisha lini? Injini hii yataka oili yenye kibali cha Benzi cha 229.5, si ile ya kupimiwa kwa ndoo. Ukichelewesha tenshena inakosa presha na cheni inalegea. Pia chomoa zile plagi za waya kwenye magineti za ajasta ucheki kama kuna oili ndani, maana hupanda na waya pole pole hadi kwenye kompyuta ya injini, na ikifika huko hutaamini bei.

Kijana wa Kimara
Asanteni wakuu. Gari lipo tu hapa nyumbani limepaki. Ila ajasta ya intake ya used nimeshailipia Gerezani, jamaa kanihakikishia imetoka kwenye nusu injini ya Japani. Naona mnanitisha na hizo spea mpya, mimi naangalia na mfuko.

Spana 27
Sijauliza limepaki wapi mkuu. Tapeti kava, lile la juu ya injini, imefungwa au imefunguliwa?

Kijana wa Kimara
Imefunguliwa. Tangu Jumapili.

Bwana Mizani
Hii ni chai. Umeanza kwa "kila asubuhi ikiwashwa inalia", leo Alhamisi, halafu injini iko wazi tangu Jumapili? Inalia vipi? Watu wanaandika nondo hapa usiku kucha kumbe mtu anatunga. Tupia picha la sivyo tufunge uzi.

Mama Tunu
Na mimi nimekuwa najiuliza, anasema ana haraka ila hasemi haraka ya nini.

Kijana wa Kimara
Siyo chai kaka, mikono yangu hapa inanuka oili hata kula nashindwa. Picha intaneti inagoma, ngoja niwaelezee ninachokiona. Ajasta ya intake ninayo mezani, meno ya upande mmoja yamechongoka kama ya papa, upande wa pili bado yana vichwa bapa, ukipitisha ukucha unanasa. Na plagi ya magineti nimechomoa kama alivyosema wa Likoni, imelowa oili.

Kweli nimewaficha. Gari si langu, ni la shemeji, mume wa dada. Yuko Mtwara kikazi, anarudi Jumamosi. Aliniachia hela nimpe fundi, nikaona nifanye mwenyewe, hela nikanunulia soketi na spana ya kupimia nguvu, hizo zitabaki, siyo kwamba nimezila.

Spana 27
Soketi ya 27 unayo?

Kijana wa Kimara
Ndiyo sikuwa nayo Jumapili. Tenshena nilikuwa nimeshaitoa, ajasta nimeirudishia boliti kwa mkono, alama hazikuwa sawa, nikaona nizisogeze kwa ufunguo. Nimegusa staata mara moja tu. Ikalia ka! ikagoma. Lakini nusu mzunguko haiwezi kuharibu kitu si ndiyo?

Bwana Mizani
Nimefuta kauli yangu. Pole sana.

Mzee wa Amana
Kijana, gari la mtu ni amana. Mpigie shemeji leo.

Spana 27
Usifunge cheni mpya kwanza. Vali na pistoni za injini hii zinagongana cheni ikiruka, na staata ina nguvu kuliko mkono wako. Usizungushe tena kitu chochote. Toa plagi, azima kamera ile ndogo ya waya inayochomekwa kwenye simu, ishushe kwenye tundu moja moja, angalia juu ya pistoni. Masizi meusi tupu ni dalili nzuri. Ukiona alama inang'aa, vali imegusa.

Kijana wa Kimara
Nimeipata kwa jirani anayetengeneza friji. Ya 1 nyeusi tupu, ya 2 nyeusi, ya 4 nyeusi. Ya 3 kuna vialama viwili vinang'aa, vimepinda kama kucha, vimekaa sambamba upande wa intake.

Spana 27
Hizo ni vali mbili za intake. Hedi, yaani kichwa cha injini, inashuka mkuu.

Kijana wa Kimara
Nimemtumia dada meseji, amesema yupo naye kwenye simu. Napiga sasa hivi.