Mtaala ukiandaliwa, mwalimu anaingia hatua gani?

Habari wadau. Mtaala ukibadilishwa, mwalimu wa darasani anahusika kuanzia lini? Au kazi yake ni kupokea muhtasari wa somo na kufundisha tu?

JIBU 1
Anapaswa kuwemo tangu tathmini ya mahitaji. Baada ya hapo hufuata malengo, uteuzi na mpangilio wa maudhui, majaribio katika shule chache, marekebisho, ndipo utekelezaji. Kumwita siku ya semina ya utekelezaji ni kumchelewesha mno.

JIBU 2
Naongezea kwenye majaribio, maana hapo ndipo sauti yake ina uzito zaidi. Asiandike "mada ni ngumu", haisaidii. Aandike hivi: kujumlisha sehemu zenye asili (namba za chini) tofauti kumepangiwa vipindi 6, kumechukua 9, kwa sababu Kigawe Kidogo cha Shirika (namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote) kimewekwa muhula unaofuata. Hapo mwandaaji anajua cha kuhamisha.

JIBU 3
Msisahau mtihani. Lengo likisema mwanafunzi "achunguze", kisha mtihani ukadai fasili za kukariri, darasani watakariri tu. Walimu waombe sampuli za maswali kabla muhtasari haujachapwa.