Wewe unayeuza antena ya "kilomita 500, 4K" Kariakoo, njoo hapa unijibu

Wakuu, leo salamu zangu fupi kwa sababu nina hasira. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "king'amuzi gani kizuri". King'amuzi changu hakina kosa. Hii ni kesi nyingine.

Agosti 2, 2025. Ufunguzi wa CHAN, Taifa Stars na Burkina Faso kwa Mkapa. Nimealika watu. Mama mkwe kafika tangu asubuhi, mashemeji wawili, jirani na mwanawe, wote wamejazana sebuleni kwangu Goba, pilau iko jikoni. Kipindi cha kwanza kinaelekea kuisha, tunapata penalti. Sopu anasogea kwenye mpira, na picha inaganda. Uso wa mtu umekuwa vipande vipande vya kijani na kahawia kama kanga iliyopauka, sauti inakoroma "krrr krrr", halafu kimya. Nikiwa bado natikisa waya nyuma ya TV, nyumba ya bondeni, ile ya mabati mekundu, nikasikia "GOOOO!"

Mama mkwe akanitazama. Hakusema kitu. Bora angesema.

Sasa sikilizeni nilivyofika hapo.

Mwanzo nilinunua ile antena bapa ya ndani, nyembamba kama karatasi, unaibandika ukutani. Shilingi 35,000. Muuzaji kaniambia kwa kujiamini kabisa: "Bosi, hii ndiyo ya kidijitali. Zile za miba ya samaki zilikuwa za analojia, zimepitwa." Nikaamini. Na ninajua kwa nini niliamini. Analojia ilipozimwa hapa Dar usiku wa Desemba 31, 2012, mimi mwenyewe nilishusha antena ya miba juu ya bati nikawauzia vijana wa vyuma chakavu kwa kilo. Nilipata hela ya chai na vitumbua. Mtaa mzima tulifanya hivyo, tukicheka.

Wakuu, HAKUNA ANTENA YA KIDIJITALI. Antena ni chuma kinachodaka mawimbi. Haijui kama ndani ya wimbi kuna analojia, dijitali, taarifa ya habari au tamthilia ya Kituruki. Kilichobadilika ni namna picha inavyofungashwa, na kufungua hicho kifurushi ni kazi ya king'amuzi. Ile ya miba ni kazi ya Wajapani wawili, Yagi na Uda, tangu 1926, na kanuni yake ni ileile hadi leo. Cha kuangalia ni kama imetengenezwa kwa UHF (mkanda wa masafa ya juu zaidi), kwa sababu ving'amuzi vyetu vya antena viko huko. Fimbo za UHF ni fupi, kama rula ya shule hivi. Zile fimbo ndefu za mita na ushee zilikuwa za VHF (mkanda wa masafa ya chini yake), hizo ndizo unazoweza kumpa mtu wa vyuma chakavu. Hayo maandishi ya 4K na HD kwenye boksi ni stika. Ukibandika stika ya 4K kwenye ndoo, nayo inakuwa antena ya 4K.

Na hiyo bapa nikaiweka wapi? Ndani ya nyumba ya bati, dirisha lina nondo na fremu za alumini, upande wa nyuma kuna kilima. Yaani nimeingia ndani ya sufuria, nimejifunika mfuniko, halafu nalalamika sioni nje.

Nikarudi dukani kulalamika. Kwenye risiti pameandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Ila jamaa mkarimu, akanipandisha daraja: antena ya nje, inazunguka yenyewe kwa remoti, ina busta (kikuza mawimbi) ndani, boksi lina picha ya familia ya Kizungu inacheka, na imeandikwa kilomita 500. Shilingi 85,000.

Kilomita 500! Dar hadi Dodoma kwa barabara ni kama 450. Kwa hiyo mimi wa Goba nadaka mnara wa Dodoma na chenji inabaki. Mawimbi ya UHF yanakwenda yamenyooka, karibu kama mwanga wa tochi, na dunia ni mviringo. Mnara wa mita 150, antena yako mita 9 kutoka chini, hata ardhi ingekuwa tambarare kama bahari, mnaonana hadi kilomita 60 na kidogo. Zaidi ya hapo unategemea bahati. Weka na vilima vya Goba sasa.

Halafu hili la kuzunguka. Mnara hautembei jamani! Umesimama palepale tangu ujengwe. Kama chaneli zako zote zinatoka mnara mmoja, unaelekeza mara moja, unakaza nati, unashuka. Mimi nikalipia mota na remoti ya betri mbili ili antena yangu izungukezunguke kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tuje kwa fundi. Kaja mimi niko kazini, mama watoto kamfungulia. 30,000 ya kazi, na waya mita 20 kwa shilingi 1,000 kila mita. Jioni nikakuta chaneli zinaonekana, nikamsifia kabisa. Siku ya pili zikaanza kugandaganda. Nampigia: "Bosi, hiyo ni hali ya hewa." Jua linawaka! Siku ya CHAN nampigia tena: "Bosi, leo watu wengi wanaangalia, mtandao umeelemewa." Mkuu, antena siyo bando. Hata Dar nzima iwashe TV kwa mpigo, mawimbi hayapungui kwa sababu jirani naye anaangalia.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa mtaa wa juu, alikuwa akitengeneza redio na TV enzi hizo. Nilikwenda kumpa shikamoo tu, nikajikuta nimemwaga yote. Akaniambia, "Mwanangu, shika ngazi tukaone." Alipofika juu alicheka hadi nikaogopa ataanguka.

Kwanza, antena ilitazama nyuma. Kwenye antena ya miba, na hata hii ya kuzunguka, fimbo fupi ndizo zinazotangulia kuelekea kwenye mnara, na ile ndefu, au ule wavu, inakaa nyuma ya sehemu unapoingia waya. Fundi wangu kageuza. Nilipomuuliza baadaye akajibu eti "upande mkubwa ndio unaovuta".

Pili, ilikuwa imelazwa juu kidogo tu ya bati, karibu igusane nalo. Tatu, waya. Mita 20 za nini wakati kutoka pale juu hadi TV hazifiki 12? Zilizobaki kazikunja duara kaziweka nyuma ya kabati. Kila mita inakula mawimbi. Hata waya mzuri wa RG6, mita 20 zinakula zaidi ya nusu ya nguvu iliyodakwa, na wa kwangu ulikuwa ule mwembamba.

Nne ndiyo iliyoniuma zaidi. Katikati ya safari waya umeungwa. Mzee akachambua ile tepu nyeusi taratibu kwa kisu, akaniita niangalie kwa karibu. Waya wa shaba wa kati umesokotwa na mwenzake kama unaunga waya wa taa, zile nywele za nje zimekusanywa upande mmoja na kusokotwa nazo, na unywele mmoja, mmoja tu, umeinama umegusa shaba ya kati. Ndani ya tepu kuna maji. Shaba imekuwa ya kijani. Mzee akaupuliza ule unywele ukacheza. "Penalti yako ilipita hapa," akasema.

Basi. Alikuwa na antena yake ya zamani ya miba, ile ambayo sisi wajanja tuliuza kwa kilo. Tukanunua waya mpya mita 12 kwa 1,500 kila moja, konekta mbili za kuzungusha kwa elfu moja moja. Jumla 20,000. Tukaifunga antena kwenye mwanzi, mzee akawa anatembea nayo juu ya bati pole pole kama mtu anayetafuta maji, mjukuu wake kakaa sebuleni amefungua menyu ya king'amuzi anapiga kelele kupitia dirishani: "Ishirini! Arobaini! Babu rudi, rudi, ilikuwa sitini!"

Hapa ndipo nilipojifunza kitu. Kwenye ile menyu kuna mistari miwili, nguvu na ubora. Yule mtoto alikuwa anasoma ubora. Antena ya 85,000 na busta yake ilikuwa inanipa nguvu 90 na ubora 20, na mimi nikiiona ile 90 najiona mfalme. Busta inakuza kila kitu, mawimbi pamoja na uchafu wake. Kama ulichodaka ni kibovu, utapata kibovu chenye sauti kubwa. (Busta ina kazi yake pale waya ni mrefu sana au unagawa TV tatu, na ikae juu karibu na antena. Siyo kila nyumba.)

Pahali penyewe pakapatikana wapi? Siyo kwenye kilele cha paa. Ni kona ya jikoni, mita mbili tu pembeni, kwa sababu kule kileleni tulikuwa tunapigana na mwembe wa jirani. Majani mabichi, hasa yakilowa mvua, yanakunywa mawimbi vibaya sana. Pale konani ubora ukapanda hadi 80, nguvu 62, bila busta, na ule umeme wa antena kwenye menyu, unaolisha busta, tukauzima. Bomba la chuma, mita moja na nusu juu ya bati, nati ikakazwa, mwisho.

Jumlisheni wenyewe: 35,000 + 85,000 + 30,000 + 20,000 za waya wa fundi. Laki na sabini za kutoona penalti. Elfu ishirini za kuona, na soda za mzee, maana pesa alikataa.

Kinachoniudhi siyo hela tu. Muuzaji yule anajua. Nilimwona kwa macho yangu dukani kwake ana TV ndogo juu ya friji, na antena yake ni ya miba, waya umepitia dirishani. Kwa nini kwake ya "analojia" inafaa na mimi ananiuzia ndege ya kuchezea?

NYONGEZA, saa nne usiku: Mnaouliza mnara uko upande gani, msinunue kitu kwanza. Toka nje angalia antena za majirani wenye picha safi zimeelekea wapi, na fimbo zao zimelala au zimesimama. Zikilala na zako zilale, usijifanye mbunifu. Mkuu uliyesema wewe unauona mnara dirishani na bado picha inaganda, toa busta. Umekaa chini ya spika ya disko halafu umevaa kifaa cha kukuzia sauti.

NYONGEZA ya pili: Fundi kapiga simu, kaambiwa kuna uzi. Anasema nimemchafulia kazi. Nimemtumia picha ya ule muungo. Kimya hadi sasa.

NYONGEZA ya tatu: Kuna mtu kanifuata chemba anauliza ile inayozunguka naiuza bei gani, na kama remoti bado ipo. Mkuu, uzi umeusoma lakini?