MREJESHO: Ile Pentium 4 inayosahau saa

Wakuu, niliwauliza kuhusu kompyuta yangu ya mezani ya Pentium 4: kila nikichomoa waya ukutani inarudi mwaka 2002, na tovuti nyingi zinagoma kufunguka. Wengi mlisema betri ya mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), ile inayotunza saa umeme ukikatika. Ndiyo hiyo hiyo.

Jumamosi nilimaliza kwanza hesabu za duka, nikala, nikajinyoosha kidogo, ndipo nikashika bisibisi. Betri ni ile bapa ya CR2032. Inatakiwa volti 3, mita ikasoma 0.9! Msiibandue kwa nguvu: pembeni kuna kiulimi cha chuma, ukikisukuma taratibu inaruka yenyewe. Nikaweka mpya, nikapanga saa, nikaiacha usiku kucha bila umeme. Asubuhi saa iko sawa.

Tovuti kadhaa zikafunguka hapo hapo, maana vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na mashine iliyobaki 2002 inaona havijaanza kutumika. Zilizobaki ziligoma kwa sababu ya Windows XP, iliyoachwa na Microsoft tangu Aprili 2014. Jumapili nikaweka Debian 12, mfumo endeshi wa Linux, ile ya biti 32 ya mashine za zamani (toleo la 13 halina tena kisakinishi cha mashine hizi). Kwa RAM ya gigabaiti 1, video ni mateso matupu, ila kuandika na kusikiliza muziki inakwenda vizuri tu.

Feni ndiyo bado inanguruma, hata baada ya kuitoa vumbi. Mwenye feni ya prosesa ya soketi 478 (aina ya kikalio cha prosesa kwenye mazabodi yangu) anicheki.