Gemu Bora ya Mwaka: alama za wachambuzi ndizo zinazoamua?

Wakuu, kila Desemba ikikaribia ubishi ni uleule: gemu fulani ina 96 kwenye Metacritic, tovuti inayotoa wastani wa alama za wachambuzi kati ya 100, basi tuzo ni yake, wengine wasindikizaji tu. Mimi nasema alama zinakuingiza ukumbini, hazikukabidhi tuzo. Na kinachonikera ni hapohapo mlangoni.

Tazameni The Game Awards, tuzo kubwa za gemu za kila Desemba. Asilimia 90 ya kura ni za jopo, na jopo lenyewe ni vyombo vya habari zaidi ya 100. Wachezaji tunagawana asilimia 10 iliyobaki. Vyombo hivyo ndivyo vilivyotoa alama miezi kadhaa nyuma. Aliyeipa gemu 10 kati ya 10 mwezi wa pili, mwisho wa mwaka anaulizwa ataje bora zake. Ataje ile aliyoipa 7? Si atajiumbua! Ni maoni yaleyale ya watu walewale, yamegongwa muhuri mara mbili.

Najua kuna atakayenirushia 2018: Red Dead Redemption 2 ilikuwa na 97, God of War 94, na God of War ikabeba. Sawa, ila ukishavuka 90 pointi tatu si kitu, hapo watu wanapiga kura kwa mahaba.

Mwaka 2021 ndio unaonipa kazi. Forza Horizon 5 yenye 92 haikuingia hata kwenye gemu sita zilizoteuliwa kuwania tuzo kuu. Ni gemu ya magari, ina kipengele chake cha tuzo, nadhani majaji waliona imeshapata fungu lake. Iliyoshinda ni It Takes Two, yenye 88 hivi. Ile huichezi peke yako. Mwenzio anarusha msumari ukutani, wewe unaudaka kwa nyundo na kubembea kwenda ng'ambo. Akichelewa, umeanguka, mnaanza kulaumiana. Kitu cha hivyo hakitoki kichwani.

Sasa tuwaachie umma? 2024, kwenye tuzo nyingine za gemu ziitwazo Golden Joystick, ambako kura ni za umma, tuzo kuu ilikwenda kwa Black Myth: Wukong, gemu ya 81. Wiki chache baadaye The Game Awards wakampa Astro Bot mwenye 94. Lakini Wukong iliuza nakala milioni 10 ndani ya siku tatu. Kwa jeshi hilo, nani angeishinda kwa kura?

Mimi ningechanganya waandishi na watengenezaji wenyewe. Tuzo za D.I.C.E. hupigiwa kura na watu wa tasnia, na mwanzoni mwa 2020 waliichagua Untitled Goose Game: gemu ya bata bukini mkorofi anayeiba funguo za mtunza bustani na kuitupa reki yake ziwani. Alama zake zilikuwa kwenye 80 tu, na kwenye orodha kuu ya The Game Awards hakuonekana kabisa. Kwa gemu za mwaka huohuo, 2019, jopo la The Game Awards lilichagua Sekiro, yenye 90.

Anayetetea jopo la waandishi watupu aanze na huyo bata.