Skripti za Bash zinazopoteza hesabu ya makosa kimyakimya: nani anawafundisha waandishi wake?

Wakuu, nimekasirika na sitaficha. Skripti ya Bash (sheli, yaani programu inayosoma na kutekeleza amri) ya nakala rudufu tuliyoandikiwa na mkandarasi imekuwa ikitutumia kila usiku taarifa ya "Makosa: 0", ilhali logi yenyewe imejaa faili zilizoshindwa kunakiliwa. Kiini chake ni hiki:

```
makosa=0
grep IMESHINDWA nakala.log | while read -r mstari; do
  makosa=$((makosa+1))
done
echo "Makosa: $makosa"
```

Hesabu ndani ya kitanzi ni sahihi. Ila Bash, isipoelekezwa vingine, huendesha kila kipande cha paipu (amri zilizounganishwa kwa `|`) katika sheli ndogo yenye nakala yake ya vigeu vyote, na sheli hiyo ikifa, hesabu inakufa nayo. Hakuna onyo lolote, na hata `set -u`, inayokataa kigeu kisicho na thamani, haiwezi kulalamika, kwa kuwa kigeu kipo na thamani yake ni sifuri. Mistari hiyohiyo ukiiendesha kwa sheli nyingine kama zsh au ksh93 inatoa jibu sahihi, kwa sababu hizo huendesha kipande cha mwisho katika sheli kuu, na POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, inaruhusu njia zote mbili. Bash nayo ina chaguo la kufanya vivyo hivyo, `shopt -s lastpipe`, tangu toleo la 4.2 la mwaka 2011, lakini huja ikiwa imezimwa. Kuandika `done < <(grep IMESHINDWA nakala.log)`, bila paipu, kungetosha kabisa, mradi skripti isiendeshwe kwa dash, sheli isiyoelewa maandishi hayo.

Kwenye fankisheni za mkandarasi huyo mambo yamegeuka: huko vigeu vinavuja. Kigeu kisichotangazwa kwa `local` ni cha skripti nzima, hivyo `i` ya fankisheni moja inaivuruga `i` ya kitanzi cha `while` kilichoiita. Na pale alipokumbuka `local`, ameandika `local orodha=$(ssh seva ls /hifadhi)`, jambo linaloficha kushindwa kwa `ssh`, maana `$?` (msimbo wa matokeo ya amri ya mwisho) inayobaki ni ya `local` yenyewe, na `set -e`, inayopaswa kusimamisha skripti amri ikishindwa, inapita bila kusimama. Kutangaza kigeu katika mstari mmoja na kukipa thamani katika mstari unaofuata kungeliondoa tatizo hilo.

Haya yote yamo katika mwongozo wa Bash, na anayelipwa kulinda data za watu analazimika kuyajua. Tumemtaka arekebishe kila paipu inayoishia kwenye `while`. Jibu lake ni kwamba skripti haijawahi kutoa kosa.